Trimu ya Mafuta Imeyumba: Soma Namba Kabla ya Kununua Sensa

Gari ninaloletewa mara nyingi kuliko yote ni lenye sensa mpya ya oksijeni na taa ileile ya injini. Mwenyewe ameshatoa pesa, amebadilishiwa sensa, taa imezimwa kwa mashine, ameendesha kutoka Nakuru hadi Salgaa ikawaka tena. Akishuka tu, neno la kwanza: "Fundi, hii sensa niliuziwa feki." Mara nyingi si feki. Na ile iliyotupwa haikuwa mbovu.

Kazi ya sensa ya oksijeni, ile inayoonja moshi wa injini, ni kupiga kamsa. Mtaani, mtu akipiga kamsa majirani hutoka na tochi kumtafuta mwizi. Gerejini tunamfunga aliyepiga kamsa, kisha tunashangaa kwa nini wizi unaendelea.

Nimepanga maelezo haya kwa dalili, yaani kile utakachokiona kwenye skrini, na chini ya kila dalili nimeanza na chanzo ninachokikuta zaidi. Ni ya magari ya petroli tu.

Namba tatu kwanza

Azima au nunua kile kifaa kidogo cha ELM327, kichomeke kwenye soketi ya pini 16 chini ya dashibodi upande wa dereva, ukiunganishe na simu. Baadhi ya magari ya zamani yaliyotengenezewa soko la Japani hukataa kuzungumza na vifaa hivi vya bei nafuu. Likikataa, usilichokore, tafuta fundi mwenye skana inayolijua.

Kwenye skrini tafuta STFT, ambayo ni trimu ya muda mfupi, na LTFT, trimu ya muda mrefu. Kisha B1S1, sensa ya mbele iliyo kabla ya katalisti, ule mtungi wa kusafisha moshi, na B1S2, sensa ya nyuma yake.

Trimu ni masahihisho. Kompyuta hukadiria petroli ya kumwaga ili kila sehemu 1 ya petroli, kwa uzito, ipate sehemu 14.7 za hewa. Sensa ya mbele huonja moshi na kurudisha majibu. Ni kama kusonga ugali: maji yakizidi unaongeza unga. Konzi unaloongeza sasa hivi ndilo STFT. Ukishajua kwamba sufuria hii kila siku hutaka unga zaidi, unaanza moja kwa moja na unga mwingi, na hiyo ndiyo LTFT. Namba ya kujumlisha maana yake kompyuta inaongeza petroli kwa sababu imeambiwa mchanganyiko ni mwepesi, hewa imezidi. Namba ya kutoa maana yake inapunguza, mchanganyiko ni mzito.

Jumlisha zote mbili. LTFT ikiwa +14 na STFT +6, gari lako liko +20. Jumla ikicheza kati ya -5 na +5, lala usingizi. Hadi 10, liangalie tu. Ikipita 10, iwe ya kujumlisha au ya kutoa, kuna jambo. Ikifika 20 na kitu, taa huwaka na misimbo ya hitilafu, P0171 (mwepesi) au P0172 (mzito), hutokea, ingawa kila mtengenezaji ana mpaka wake.

Pima injini ikiwa imepata moto, nyuzi 80 au zaidi, na kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Andika jumla mara tatu kwenye karatasi: gari likinguruma bila kukanyagwa, ukishikilia mizunguko 2,500 ya injini kwa dakika, kwa muda wa nusu dakika, na likipanda mlima lina mzigo. Hiyo ya tatu asome mtu mwingine, si dereva. Karatasi hiyo yenye namba tatu ina thamani kuliko sensa ya elfu tisa.

Na usifute misimbo kabla ya kunakili kilichohifadhiwa nayo: joto, mizunguko, mwendo na trimu ya wakati taa ilipowaka. Ukifuta kwanza umefagia nyayo za mwizi.

Jambo dogo linalotisha watu bure: programu nyingine huonyesha trimu ya sensa ya nyuma kuwa 99.2. Si ugonjwa. Ni namna kompyuta inavyosema kwamba sensa hiyo haihusiki katika hesabu ya trimu.

Dalili: jumla ni +15 au zaidi gari likiwa limesimama, ukikanyaga inashuka karibu na sifuri

Hii ndiyo ninayokutana nayo zaidi, na jibu lake karibu kila mara ni hewa ya magendo, hewa inayoingia ndani ya injini bila kupita kwenye sensa ya MAF inayopima hewa. Gari likisimama, throtli, ule mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga, imefungwa na injini inavuta kwa nguvu, kwa hiyo tundu dogo linaleta sehemu kubwa ya hewa yote. Ukifika mizunguko 2,500 hewa halali ni nyingi sana, ya magendo inamezwa humo. Ndiyo maana namba hushuka. Umbo hilo ukiliona, weka sensa ya oksijeni kando kabisa.

Niliwahi kuletewa Probox ya kubeba viazi kutoka Molo. Imesimama, +22. Kwa mizunguko 2,500, +4. Ilikuwa na sensa ya pili ndani ya mwezi mmoja, na mwenyewe alikuwa ameanza kuulizia kompyuta nzima. Nilifungua boneti, nikashika mpira mnene unaotoka kwenye boksi la chujio kwenda throtli, ukanijia mkononi. Aliyebadilisha chujio la hewa siku ya sevisi hakukaza klipu. Ilihitaji bisibisi na dakika mbili. Mzee yule hakucheka, na sikumlaumu.

Anzia hapo basi:

1. Mpira kati ya sensa ya MAF na throtli. Ukunje kwa mkono utazame ndani ya mikunjo, nyufa hujificha huko. Kagua klipu zote mbili.
2. Kifuniko cha kumiminia oili na kijiti cha kupimia oili. Kwenye magari yenye MAF, kifuniko kisichokaa vizuri huingiza hewa kupitia njia ya mvuke wa oili. Watu hawaamini hili mpaka walione.
3. Vali ya PCV, inayorudisha mvuke wa oili ndani ya injini, na mpira wake. Kwa joto la Kisumu mipira hii hukauka ikapasuka kwenye kona ya chini usikoweza kuona.
4. Mpira wa busta ya breki. Kama kanyagio la breki limekuwa gumu siku hizi, umeshapata jibu, na gari hilo lisiondoke mpaka litengenezwe.
5. Vali ya kunyonya mvuke wa tangi iliyokwama wazi.
6. Gasketi ya manifoldi ya hewa, yale mabomba yanayogawia silinda hewa, na pete za nozo zinazomwaga petroli, hasa kama injini ilifunguliwa karibuni.

Mipira midogo, bana mmoja mmoja kwa plaisi yenye kitambaa huku ukitazama STFT. Ukibana ule mbovu, namba huanguka papo hapo. Kwenye gasketi ya manifoldi, nyunyiza maji kwa chupa ya kunyunyizia nguo za pasi, kidogo kidogo, ukiepuka koili za kuwashia plagi na nyaya. Ngurumo ikibadilika, umepakaribia.

Onyo: wapo mafundi wanaomwaga petroli kwenye injini inayonguruma ili "kusikia tofauti". Usikubali, hata kama ni gari la mtu mwingine. Manifoldi ya moshi iko hapo karibu na ni moto wa kutosha. Kama maji na plaisi havijaonyesha kitu, lipia mashine ya moshi. Inajaza mfumo wa hewa moshi mweupe injini ikiwa imezimwa, na tundu linajionyesha lenyewe.

Gari lisilo na MAF, linalopima shinikizo ndani ya manifoldi kwa sensa ya MAP, halifuati umbo hili. Hewa ya magendo hupandisha shinikizo, kompyuta inaiona na kuongeza petroli yenyewe, na trimu hukaa karibu na kawaida huku mizunguko ya gari lililosimama ikipanda. Honda nyingi za zamani ziko hivyo.

Dalili: mjini iko sawa, mlimani inapanda

Toka Ahero ukielekea Kericho. Tambarare ya Awasi trimu iko +3. Barabara inapoanza kuinuka kuelekea kwenye majani chai, unakanyaga, namba inakwenda +12, +18, na gari linakuwa zito. Hapa injini inataka petroli nyingi na haiipati, au hewa nyingi imepita na haikuhesabiwa yote.

Chanzo cha kwanza kwangu ni MAF chafu. Jina la Nakuru lenyewe husemwa kuwa linatokana na neno la Kimaasai la vumbi, na anayeendesha barabara za murramu za Njoro wakati wa kiangazi hahitaji kuambiwa kwa nini. Vumbi hushika kwenye uzi mwembamba wa sensa, uzi unasoma hewa kidogo kuliko iliyopo, na hewa ikizidi uongo unakua. Injini ya lita 1.5 yenye moto, isiyokanyagwa, kwa kawaida husoma gramu 1.5 hadi 3 kwa sekunde.

Isafishe kwa sprei maalum ya MAF tu. Toa ufunguo, chomoa soketi, fungua skrubu mbili, nyunyiza bila kugusa, iache ikauke kabisa kabla ya kurudisha. Kompresa ya kujazia magurudumu hukata uzi. Mswaki pia. Na ukimwona mtu akipulizia chujio la hewa kwa kompresa huku MAF ikiwa imechomekwa kwenye boksi hilohilo, mzuie kwa heshima.

Chanzo cha pili ni petroli kushindwa kufika: pampu iliyochoka, au chujio lililoziba. Kwenye Toyota nyingi ndogo chujio liko ndani ya tangi pamoja na pampu, kwa hiyo "nilibadilisha fueli filta" mara nyingi ni maneno tu. Hapa unahitaji geji. Injini ya 1NZ-FE, ile ya Probox na Fielder nyingi, inatakiwa kuwa na shinikizo la kilopaskali 304 hadi 343, karibu paundi 44 hadi 50 kwa inchi ya mraba. Likianguka ukikanyaga, umemaliza.

Simama hapa kama huna geji wala uzoefu. Paipu ya petroli ina shinikizo hata injini ikiwa imezimwa. Na kama gari lako linamwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kama Mark X za 4GR-FSE, upande wa shinikizo kubwa usiguswe na mtu asiyeusomea. Shinikizo la huko hupitisha petroli ndani ya ngozi ya mkono.

Nozo zilizoziba huja nyuma ya hayo mawili. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa watu huitaja kwanza, mimi huiweka mwisho. Ushuru wa shilingi 18 kwa lita uliowekwa kwenye mafuta ya taa mwaka 2018 ulilenga kuondoa faida ya mchezo huo. Na petroli ya hivyo huonekana zaidi kwa injini kugonga na kuwaka kwa shida asubuhi kuliko kwenye trimu. Ukishuku, jaza nusu tangi kwingine, pima tena.

Nakuru si Mombasa

Niseme hili kwa sababu limegharimu watu sensa nzima nzima. Video za mtandaoni husema ukiwasha ufunguo bila kuwasha injini, sensa ya MAP isome karibu kilopaskali 101. Hiyo ni kweli kando ya bahari. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake hubana kwa kilopaskali 81 hadi 83 hivi. Kisumu, mita 1,130 na kitu, tarajia 88 hadi 90. Juu Timboroa ni sabini na kitu tu.

Kwa hiyo 82 ukiwa Nakuru ni sensa nzima. Ikisoma 101 ukiwa Nakuru, hiyo ndiyo ya kushukiwa. Na mwinuko peke yake haupaswi kuyumbisha trimu. Kompyuta inaujua. Gari litapungua nguvu, hilo ni la Mungu, lakini +18 si hali ya hewa ya mlimani.

Dalili: ni kujumlisha kubwa, lakini plagi ni nyeusi na gari linakula mafuta

Huu ndio mtego. Skrini inasema mchanganyiko ni mwepesi, bomba la moshi linanuka petroli. Mmoja kati yao anadanganya, na mara hii ni sensa, ingawa si kwa ubaya wake. Imelishwa hewa ya nje.

Sababu ya kawaida ni ufa kwenye njia ya moshi kabla ya sensa ya mbele: gasketi ya manifoldi, manifoldi iliyopasuka, fleksi, kile kipande cha bomba kinachopinda, iliyochanika kwa sababu ya matuta. Moshi hutoka kwa mapigo, na katikati ya mapigo njia hiyo huvuta hewa kidogo ndani. Sensa inaonja hewa hiyo na kupiga kamsa, kompyuta inaongeza petroli ambayo haikuhitajika. Asubuhi injini ikiwa baridi sikiliza sauti ya tik-tik-tik inayopungua injini ikipata moto, kisha tafuta alama nyeusi ya masizi pembeni mwa maungio. Angalia kwa tochi, usipeleke mkono.

Ukimpelekea fundi wa kuchomelea, hakikisha terminali ya betri imetolewa na sensa imefunguliwa kabla hajaanza. Umeme wa kuchomelea haubagui kompyuta.

Sababu ya pili ni gari linalomisi. Silinda isiyowaka hutoa oksijeni yake yote bila kutumika, na sensa, ambayo hujua oksijeni tu na si petroli, husema ni mwepesi. Kwa hiyo ukiona P0301 hadi P0304, misimbo ya kumisi kwa silinda moja moja, pamoja na P0171, shughulika na kumisi kwanza. Zima injini, hamisha koili ya silinda ya 1 uipeleke ya 3. Msimbo ukihama kutoka P0301 kwenda P0303, koili ndiyo mwizi. Usipohama, hamisha plagi vivyo hivyo.

Taa ya injini ikipepesa badala ya kuwaka tu, egesha. Petroli isiyoungua inawakia ndani ya katalisti. Katalisti ya namna hiyo juu ya nyasi kavu imeshachoma magari.

Dalili: ni ya kutoa, -12 kwenda chini

Gari limezidishiwa petroli. Anza na kipimajoto. Nenda kwenye skrini utazame joto la maji ya rejeta baada ya nusu saa barabarani. Likiwa 65 na halipandi, muulize mwenye gari kama themostati, vali inayozuia maji kupoa kabla injini haijapata moto, ipo. Wengi wetu tuliambiwa gari "la nchi ya joto" halihitaji themostati, ikatolewa ikatupwa. Matokeo yake injini inapita Mau Summit ikidhani bado ni asubuhi, na kompyuta inaendelea kuilisha kama mgonjwa. Rudisha themostati. Sijui fundi wa kwanza aliyeanzisha desturi ile, lakini ana deni kubwa la petroli.

Baada ya hapo, toa kijiti cha oili unuse. Oili yenye harufu kali ya petroli hutoa mvuke unaoingia tena kwenye injini kupitia PCV. Badilisha oili, lakini tafuta pia aliyeipeleka petroli huko, kwa kawaida nozo inayovuja au kumisi kwa muda mrefu.

Kisha kopo la mkaa linalonasa mvuke wa tangi. Ukiwa stesheni na pampu imekata, usimwambie kijana aendelee mpaka elfu tatu kamili. Petroli inayozidi huingia kwenye kopo hilo ikalilowesha, na injini huinyonya bila mpango. Nozo zinazovuja na shinikizo lililozidi ni kazi ya gereji yenye vifaa. Chujio la hewa lililoziba, ambalo kila mtu hulitaja, kwenye gari lenye MAF hupunguza nguvu zaidi ya kuyumbisha trimu, kwa sababu hewa iliyopungua inapimwa ikiwa imepungua.

Dalili: mstari wa sensa ya mbele umelala

Sasa ndipo tunaweza kuishuku sensa, lakini jua kwanza ni ya aina gani. Ya zamani, ya zirkonia, hucheza kati ya volti 0.1 na 0.9 kama mtu anayepepeta mahindi: juu ni mzito, chini ni mwepesi. Ikilala hapo injini ikiwa na moto, kuna shida. Lakini Toyota nyingi za miaka ya karibuni hutumia sensa ya uwiano wa hewa na mafuta, nayo haichezi hivyo. Kwenye programu nyingi za simu hukaa karibu volti 0.66, au lamda 1.00, yaani mchanganyiko uko sawa, bila kutikisika sana, na hiyo ndiyo afya yake. Nimeona sensa nzima zikitupwa Kisumu na Nakuru kwa kosa la kutochezacheza.

Sensa hizi mbili hufanana sura, nyaya nne kila moja, na wauzaji wa mitumba huzichanganya. Ukifunga ya zirkonia mahali pa ile nyingine, trimu itakwenda kichaa na hutajua kwa nini. Linganisha namba ya kipuri, usilinganishe soketi.

Jaribu kama iko hai. Chomoa mpira mdogo wa hewa kwa sekunde chache: sensa ionyeshe mwepesi, yaani zirkonia ishuke, lamda ipande juu ya 1. Rudisha mpira, kanyaga ghafla mara moja: ionyeshe mzito. Ikijibu haraka pande zote mbili, ni nzima, mwachie. Isipojibu, fuata waya kabla ya sensa. Panya hupenda waya hizi, na fyuzi ya kipasha joto cha sensa hukatika, ikileta P0135. Pima kipasha joto kwa mita, soketi ikiwa imechomolewa na sensa ikiwa baridi. Sensa ya uwiano ya Toyota mara nyingi husoma omu 1.8 hadi 3.4, ya nyuma 11 hadi 16. Mita isiposoma kitu, kipasha joto kimekatika, na hapo nunua kwa moyo mmoja.

Ukiitoa ya zamani, itazame kichwa. Unga mweupe huashiria silikoni, na silikoni ni ile gundi nyekundu tunayoipaka kila gasketi kama siagi kwenye mkate. Tumia iliyoandikwa kuwa haidhuru sensa, tena kwa uchache. Sensa mpya itakufa vilevile kama gundi bado inaingia humo ndani.

Dalili: benki mbili hazielewani

Injini za V6, Mark X, Prado, Harrier nyingine, zina pande mbili na kila upande una trimu yake. Benki ya 1 ni upande wenye silinda ya kwanza, si lazima upande wa dereva.

Pande zote zikiyumba sawa, tafuta kitu wanachokula pamoja: MAF, pampu, shinikizo. Upande mmoja ukiyumba, MAF imetoka mashakani. Tafuta ufa wa moshi wa upande huo, gasketi ya manifoldi ya upande huo, nozo na plagi zake. Upande mmoja ukiwa +25 na mwingine -25, hasa siku chache baada ya injini kufunguliwa, angalia kama soketi za sensa za mbele zimebadilishana. Upande wa kulia unalalamika, kompyuta inamlisha wa kushoto, na kila ikisahihisha mambo yanazidi. Soketi zikiwa mahali pake, kinachobaki ni majira ya vali za upande mmoja, na hilo usiliguse mwenyewe. Mnyororo uliokaa jino moja nje ukiufungua bila kujua alama zake, utapoteza injini.

Sensa ya nyuma inacheza kama ya mbele

Kwa ufupi: ya nyuma inatakiwa itulie, kwa kawaida volti 0.6 hadi 0.7 gari likienda mwendo mmoja. Ikicheza na P0420, msimbo wa katalisti isiyofanya kazi vizuri, imewaka, inama chini ya gari kabla ya kununua chochote. Katalisti huibwa kwa ajili ya madini yake, platini, paladi na rodi, na magari mengi huuzwa yakiwa na bomba tupu mahali pake. Sensa inakuambia ukweli tu kwamba hakuna kitu mbele yake.

Mahali pa kuacha kabisa

Ukinusa petroli mbichi chini ya boneti, zima na usiwashe tena. Usipime gari likinguruma ndani ya gereji iliyofungwa, moshi huo huua bila harufu ya kukuonya. Kwenye haibridi kama Aqua, nyaya za rangi ya chungwa si zako, na injini inaweza kuwaka yenyewe ukiwa umeinama. Joto likipanda, acha trimu, una shida kubwa zaidi.

Baada ya kutengeneza

Futa misimbo. LTFT inarudi sifuri na kuanza kujifunza upya, kwa hiyo usifurahie sifuri ya dakika ya kwanza. Iendeshe angalau dakika 20, mjini kisha barabara ya wazi. Kama uko Nakuru, nenda hadi Mau Summit urudi: kupanda, kuteremka na tambarare utavipata kwa safari moja. Toa karatasi yako ya mwanzo, pima mahali palepale patatu, andika namba mpya kando ya zile za zamani. Ile Probox ya viazi ilirudi ikiwa +3, +2 na +4. Sensa zake mbili za zamani bado ninazo kwenye rafu, zote zinafanya kazi.